Simu Aliyotuuzia Zayed

Usiku ule sikuwasha taa. Nilikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, simu mapajani, nikiitazama kama mtu anayelinda maziwa jikoni yasije yakamwagika. Nje kulikuwa na kafyu. Mtaa wetu wa Bondeni ulikuwa kimya, ila lori la askari lililopita mara moja moja kule barabara kubwa. Upande wa Kaptembwo mbingu ilikuwa nyekundu kwa moto. Mimi roho yangu haikuwa Nakuru. Ilikuwa Naivasha, mtaa wa Kihoto, kwenye chumba alichopanga binti yangu Farhiya, anayefanya kazi shamba la maua. Mchana redio ilisema Naivasha nako kumeharibika, watu wanatolewa nyumba kwa nyumba na kuulizwa majina yao. Tangu adhuhuri nilikuwa nampigia, na yule mwanamke wa kwenye simu ananijibu yale yale, kwamba mteja hapatikani.

Halafu ikalia. Jina la Farhiya likawaka kwenye kioo.

"Farhiya! Mwanangu, uko wapi?"

Kimya.

"Farhiya? Sema. Uko na nani?"

Kimya tu. Network mbaya ninaijua, inakwaruza na kukatakata maneno. Hii ilikuwa kama kuweka sikio kwenye ukuta, na huku sekunde zinahesabika kwenye kioo. Nikapiga kelele mpaka ikakatika. Nikatoka bila viatu, bila kitu kichwani, nikavuka uwanja wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga kwenda kugonga kwa Zayed.

Kabla sijasema alichonijibu, lazima nieleze Zayed ni nani kwangu.

Farhiya na Zayed walizaliwa mwezi mmoja. Mama yake Zayed alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alipojifungua tu akashikwa na ugonjwa wa kifua, akalazwa, na daktari akakataza mtoto asinyonye. Baba yake, Ishak, alikuwa dereva wa malori ya Kampala. Alikuwa akileta maziwa ya kopo, anaondoka, na mtoto anayatapika yote. Mimi wakati huo maziwa yalikuwa yananimwagikia hadi nguo inalowa. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimchukua nikampa titi la kushoto, Farhiya la kulia, wakanyonya hivyo mpaka wakaanza kuniuma. Shehe wa msikiti wetu akatuita mimi na marehemu mume wangu, akatwambia tujue tulichokifanya: huyo sasa ni mtoto wangu wa kunyonya. Hawezi kumwoa Farhiya, ni dada yake. Na mimi sina haja ya kujifunika mbele yake, leo wala atakapoota ndevu.

Mama yake hakupona. Ishak naye lori lilimwangusha Salgaa tukamzika. Kwa hiyo Zayed alikulia kwenye mkeka wangu. Shule hakuipenda, mikono yake ndiyo iliyosoma. Alikuwa mdogo akifungua redio yangu kwa kisu cha viazi, na mimi nampiga, na jioni redio inaongea kuliko zamani. Alipokuwa mkubwa akaenda kujifunza kutengeneza simu, kisha akakodi nusu ya kabati la kioo katika duka la Ketan, nyuma ya soko. Ketan ni Mhindi wa hapa hapa Nakuru, anauza saa na redio, duka aliachiwa na baba yake. Upande mmoja Ketan na saa zake, upande wa pili Zayed na taa yake ndogo na bisibisi nyembamba kama sindano.

Na alikuwa na mdomo, huyo mtoto. Mteja akisimama tu: "Niaje boss! Hiyo simu yako inatembelea mkongojo, lete nimpunguzie mzee maumivu." Watu wanacheka, wanakaa, wananunua. Jioni akirudi ploti lazima apite kwangu na mkate. Hakupita hata siku moja mkono mtupu. Nilikuwa nikimwona akiingia nasema moyoni, titi langu halikupotea bure.

Mwezi wa kwanza ule, vurugu za uchaguzi zilipotulia kidogo baada ya Mwaka Mpya, shamba la maua likawaita wafanyakazi warudi. Nikasema Farhiya harudi Naivasha bila simu. Alikuwa akitumia ya mwenzake wa chumbani, na mwenzake alikuwa amekimbilia kwao hakurudi. Nikachukua pesa za zamu yangu ya chama, zile nilizokuwa nimewekea sufuria kubwa ya kukaangia viazi, tukaenda kwa Zayed.

"Mama, wewe si mteja," akasema. "Wewe ndiye mwenye duka. Ngoja."

Akainama chini ya kabati, akatoa simu iliyofungwa kitambaa laini kama yai.

"Hii si mtumba ya kuokota. Imetoka Dubai. Imefunguliwa, ikasafishwa ndani, ikawekwa kava mpya na betri mpya. Hiyo nailoni ya kioo hata sijaibandua. Nilikuwa namfichia mtu maalum."

Niliikagua kama ninavyokagua viazi sokoni. Niliigeuza, nikaiminya, nikainusa. Nikabonyeza vitufe vyote, kila kimoja kikalia. Nikawasha tochi, nikaitingisha karibu na sikio nisikie kama kuna kitu kimelegea. Hakikulegea kitu. Ilikuwa inang'aa mpaka Farhiya anajiona meno.

Ketan alikuwa upande wake akifunga saa ya ukutani kwenye gazeti. Hakuinua kichwa, akasema, "Mama, mpigie mtu. Apokee. Muongee."

"Kuongea nini? Nimalize kredo bure?"

"Kredo iishe, si kitu. Sikia sauti, na yeye asikie yako."

"Ketan," nikamwambia, "huyu amenyonya kwangu."

Akainua mikono yote miwili. "Basi. Hayo ni maneno yako na mtoto yako."

Sisi simu tunaijaribu kwa kuflashi. Unampigia mtu, yake inalia, unakata kabla hajapokea, na kredo yako imebaki vile vile. Ikishalia kule na namba yako ikaonekana, simu ni nzima. Na mwenzako akijisahau akapokea, mnagombana, maana amekula pesa yako. Hivyo ndivyo tunavyojaribu wote, na Zayed anajua ndivyo tunavyojaribu.

Farhiya akatia laini yake, akaniflashi. Yangu ikalia ndani ya mkoba. Nami nikamflashi, ikalia na kucheza juu ya kioo.

"Mnaisikia?" Zayed akasema. "Inalia kama mtoto wa kwanza!"

Farhiya akasema, "Wacha niongee na mtu kidogo nijaribu."

"Na kredo ya Mama? Wewe tuma meseji, dada yangu. Meseji ndiyo bei rahisi." Akamvuta sikio, wakacheka wote wawili kama watoto.

Farhiya akaenda Naivasha. Tulikubaliana kila jioni baada ya magharibi aniflashi mara moja, nijue yuko salama. Na kila jioni simu ililia mara moja ikakatika, nami nikamshukuru Mungu, halafu nikamshukuru Zayed. Hatukuongea hata mara moja. Hapakuwa na haja, na kredo ilikuwa imeadimika mjini.

Sasa nirudi pale mlangoni kwake.

"Nani?"

"Mimi. Fungua."

Akafungua, tochi mkononi. "Mama, kuna nini?"

"Farhiya amepiga. Hasemi."

Mimi ni mtu wa kutazama nyuso. Uzuri wa kukaa barabarani na karai la viazi ni huo, unajua anayekuja kulipa na anayekuja kukopa kabla hajasalimia. Uso wa Zayed ulianguka. Nikadhani ni hofu ya ndugu.

"Hasemi vipi?"

"Hasemi! Napokea, kimya, hata pumzi hakuna."

"Ni network, Mama. Leo Kenya nzima inapiga simu."

"Network inakwaruza. Hii haikwaruzi."

Akalamba midomo. Akatazama chini, akatazama pembeni, kila mahali ila machoni pangu. "Basi labda si yeye. Labda simu imechukuliwa. Hawa vijana wakimpora mtu simu wanapigapiga tu namba zilizo ndani, wanacheka."

Kabla hajamaliza ikalia tena mkononi mwangu. Farhiya. Nikapokea.

"Nani wewe?"

Kimya.

"Binti yangu yuko wapi? Mmemfanya nini? Sema!"

Kimya. Nikaona kama ninamwona, kijana fulani ameegemea ukuta, simu ya mwanangu sikioni, anatabasamu. Nikamlaani. Nilimlaani kwa maneno ambayo sijawahi kuyatamka. Nilimwambia asilale, asishibe, asizikwe. Nilimwambia Mungu amlaani yeye na tumbo lililomzaa. Zayed alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, tochi inamulika miguu yangu. Aliunyosha mkono kidogo kama anataka kuichukua simu, halafu akaurudisha.

Simu ikakatika. Nilipopiga, mteja hapatikani.

"Usiongee nao, Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Utajiumiza bure."

Asubuhi wanawake wa ploti wakaja kukaa nami. Hakuna aliyesema neno msiba, lakini walikaa kimsiba, wamejifunika, wanaongea chini. Rahab, jirani wa chumba cha kona, ndiye aliyechukua jiko langu akapika chai. Zayed alileta sukari. Wakati huo kupata sukari Nakuru ilibidi mtu ajue watu, na yeye aliipata. Akaenda mpaka kituo cha polisi kuulizia. Akarudi akasema hakuna anayejua lolote, barabara ya Naivasha imefungwa.

Rahab akamuuliza mbele yangu, "Wewe Zayed ni fundi. Simu inaweza kupiga na isitoe sauti ya mtu?"

"Haiwezi," akasema. "Ikipiga inatoa."

"Hata ikiwa mbovu?"

"Rahab, acha kumpa Mama matumaini ya uongo. Tumwombee tu."

Nikamshika mkono nikamwambia Mungu amlipe, ananisaidia kubeba. Nilimwambia hivyo. Na usiku uliofuata aliketi nje ya mlango wangu mpaka karibu alfajiri, namsikia akikohoa.

Farhiya alirudi kwa malori yaliyosindikizwa na wanajeshi. Hakuna aliyetangulia kusema anakuja. Mlango wa ploti ulisukumwa, akaingia, amevaa gambuti za shambani na koti la mwanamume. Rahab aliangusha birika. Nilimrukia nikamkumbatia, nywele zinanuka moshi, nikawa nampapasa mikono na mbavu kuona kama yuko mzima. Alikuwa mzima. Lakini alisimama kama mti. Hakunishika.

"Mama," akasema, "kwa nini ulinilaani?"

Nilikaa chini pale pale uwanjani.

Alikuwa amekimbilia uwanja wa kituo cha polisi pamoja na mamia ya watu. Betri ya simu, ile mpya ya Dubai, ilikuwa inaisha hata ukiiweka tu mfukoni, kwa hiyo akawa anaizima ibaki kidogo ya kunipigia. Usiku kukaja habari kwamba alfajiri kutakuwa na lori la kuja Nakuru. Wengine wanasema Nakuru inawaka, msiende. Akaiwasha anipigie, nimwambie aje au asije.

"Nilikuwa nakusikia vizuri kabisa," akasema. "Unauliza niko wapi, nakwambia niko polisi, unauliza tena. Nikadhani umechanganyikiwa. Nikapiga mara ya pili. Nikawa nakwambia ni mimi, Mama, ni mimi, mpaka watu wakaniambia ninyamaze. Na wewe unanilaani. Ikazima."

"Sikukusikia, mwanangu. Wallahi sikusikia kitu."

"Lori lilipokuja sikupanda. Nilijiambia labda kuna jambo umeambiwa juu yangu. Nilijiambia hata nikifika hutanifungulia."

Hivyo ndivyo mwanangu alivyolala nje siku nyingine zile, kwenye baridi ya Naivasha, akidhani mama yake amemkataa.

Rahab aliinuka. Alichukua ile simu, akaitia chaji chumbani kwake mpaka ikapata uhai, akaenda nayo nyuma ya choo cha ploti, akanipigia. Nikapokea. Kimya kile kile. Nikasema, "Rahab, kama unanisikia piga ukuta." Ukuta ukagongwa mara tatu. Wanawake wote wa uwanjani waliusikia.

Zayed alikuja jioni na mkate wake. Alipomwona Farhiya akadondosha mfuko, akafunika uso kwa mikono, akalia. Alilia kweli, siwezi kumzulia. Farhiya akaanza kumwendea. Nikamzuia.

"Zayed. Simu hii haiongei."

"Nitaitengeneza, Mama. Sasa hivi, nipe."

"Sikukuuliza hivyo. Ulijua?"

 

"Maiki yake, pale pa kuongelea, ilikuwa na shida kidogo," akasema. "Wakati mwingine inashika, wakati mwingine haishiki. Yule wa kwanza aliyeinunua aliirudisha. Nilikuwa nangoja spea kutoka Nairobi, barabara zikafungwa. Nikasema Farhiya atatumia meseji tu, spea ikija nitambadilishia, hata hatajua."

"Na mimi nilipokuja kwako ule usiku?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Utakavyoniona, Mama."

"Nimelia hapa siku ngapi? Umeninunulia sukari ya msiba. Rahab amekuuliza kwa mdomo wake, simu inaweza kupiga isitoe sauti. Neno moja tu, Zayed. Useme tu ni maiki, ni yeye anayepiga, yuko hai. Ungesema hivyo ningekubusu miguu, na hiyo simu ungeiweka mfukoni na pesa yangu ungebaki nayo."

 Nikavuta mtandio uliokuwa begani, nikajifunika kichwa, nikauzungusha shingoni na kuukaza kama ninavyofanya akipita mwanamume nisiyemjua.

"Mama, usifanye hivyo."

"Karibu, kaka," nikamwambia. "Unamtafuta nani hapa?"

Rahab akaniita kwa jina langu, "Mboni, jamani." Lakini Zayed alikuwa amekwisha elewa. Aliuacha mkate chini akatoka, na tangu siku hiyo hakulala tena kwenye ploti.

Mambo yalipotulia nilikwenda dukani kwa Ketan, nikijua Zayed ameacha kabati lake limefunikwa kitambaa. Ketan alishasikia. Nakuru hakuna kisichosikika. Hakunikumbusha maneno yake. Alinitolea simu ndogo, ya kawaida tu, akaifungua nyuma nione betri haijavimba na skrubu hazijachokonolewa, akaniandikia risiti yenye jina lake. Nikamtuma Farhiya ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la viatu, apokee.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

"Nasema viazi vya Njoro vimepanda bei, unanisikia?"

"Nakusikia! Kredo inaisha!"

"Iishe. Endelea kuongea."

Tuliongea upuzi mpaka ikakata. Wapita njia walitucheka.

Farhiya amemsamehe. Anasema ni ndugu yake, alikosea, watu wamefanyiana makubwa kuliko hayo mwaka huu na bado watasalimiana. Namwambia ni kweli. Halafu nalala, na ninamwona amesimama na tochi wakati ninalaani tumbo langu mwenyewe.

Wiki iliyopita alikuja. Ilikuwa mchana, baada ya alasiri. Kwenye ploti yetu milango haifungwi mchana, ni pazia tu. Nilimwona akiingia uwanjani na mfuko mkononi, amekonda. Nikainuka nikafunga mlango kwa komeo, nikarudi kwenye kigoda changu na beseni la viazi. Farhiya alikuwa kitandani akisuka nywele za mtoto wa Rahab.

Akabisha hodi. 

"Mama. Ni mimi."

Nikachukua kiazi kingine.

"Mama, sikuja kujitetea. Nifungulie nikusalimie tu, nitaondoka."

Farhiya akashuka kitandani. "Mama, ni Zayed."

"Nasikia."

"Nimfungulie?"

Nikatupa maganda kando. Farhiya alisimama katikati ya chumba, akinitazama mimi, akitazama komeo. Mtoto wa Rahab alishika nywele zake zilizosukwa nusu akatutazama wote wawili. Zayed akabisha tena, polepole zaidi, kwa kidole kimoja.

"Basi hata uniitikie, Mama. Sema tu nenda. Nitakwenda."

Nikaendelea kumenya. Farhiya akaketi. Tukasikia mfuko ukiwekwa chini, kisha kandambili zake zikivuka uwanja, zikasimama kidogo, zikaendelea. Mlango haukufunguliwa.